Ratiba ya Maua ya Roswitha Noack

Roswitha Noack aliendesha tramu mjini Cottbus kwa miaka thelathini na sita, na katika miaka yote hiyo kiangazi alikiona kupitia kioo tu. Alikuwa akitoka kwenda kazini saa kumi kasoro robo alfajiri, watu wamelala. Akirudi yuko hoi, anavua viatu na kukaa jikoni kwake, ghorofa ya nne, upande wa kaskazini, ambako jua halikuwahi kutia mguu tangu jengo lile lijengwe. Hakuwa na mume wala mtoto, na wala hilo halikumnyima usingizi. Ukimuuliza alikwambia abiria wa kila siku walimtosha. Alichokuwa nacho ni hamu moja tu, nayo ilimshika kwelikweli: alitaka kukaa juani katikati ya maua, tena maua yasiyokatika, tangu theluji iondoke mpaka irudi.

Basi miaka tisa kabla ya kustaafu akaandikisha jina lake kwenye orodha ya wanaosubiri kiwanja katika chama chetu cha bustani, Jua la Asubuhi. Miaka tisa, na hakuna hata mmoja aliyemwona akilalamika. Siku alipokabidhiwa ufunguo wa kiwanja namba arobaini na saba, sisi wengine tulimwonea huruma. Kilikuwa mchanga mtupu. Mpangaji aliyemtangulia alikuwa amekata mpaka mti wa mwisho, jua linakipiga kiwanja asubuhi hadi jioni, na ukimwaga maji yanapotea hujaweka hata ndoo chini. Roswitha alisimama katikati yake, akavua kofia, akafumba macho, akasema panafaa sana.

Sasa, ili mwelewe kilichomkuta, lazima mjue jambo moja. Kwetu kiwanja si chako. Unakodi, na unakodi kwa masharti. Ua wa miti usizidi kifua cha mtu. Kuanzia saa saba mpaka saa tisa mchana mashine isilie. Na theluthi ya ardhi, yaani mita mia moja kati ya mia tatu za mraba, iwe na kitu cha kuliwa: viazi, maharage, vitunguu, matunda. Sharti hilo ni la tangu enzi za babu zetu waliokuwa na njaa. Njaa imekwisha, sharti limebaki. Ukilipuuza unaandikiwa barua, kisha ya pili, na ya tatu inapelekwa mbele ya mkutano. Mkutano ukiinua mikono, unafungasha. Roswitha aliyasoma masharti yote, akatia sahihi, na nawaambia alikusudia kuyatimiza kwa moyo mweupe. Ila mchanga ule haukusaini kitu.

Mwaka wa kwanza alikosea kama tunavyokosea wote. Jumamosi moja ya Mei alikwenda kwenye kitalu cha maua na kigari chake cha mkono, akazunguka kama mtoto dukani, akanunua kila kilichokuwa kimechanua siku hiyo. Akarudi na airisi, na mapopi mekundu yale ya petali laini kama karatasi, na vingine ambavyo hata jina hakuvijua. Wiki tatu bustani yake ilikuwa sherehe. Tulipita njiani tukisimama na kusifu. Kufika katikati ya Juni, maua yote yakaanguka kwa mkupuo, na toka hapo hadi baridi ilipoingia alikaa kwenye kiti chake akitazama majani. Mtu aliyesubiri miaka tisa, jamani. Viazi vyake navyo, alipovichimba, vilikuwa vidogo kama gololi.

Mtu mwingine angekata tamaa. Yeye alikaa jikoni kwake majira yote ya baridi akifikiri, na wazo lililomjia lingeweza kumjia dereva wa tramu tu. Miaka yote ile alipita mbele ya bustani zilezile mara kumi kwa siku, na bila kujua macho yake yalikuwa yamejifunza. Alikumbuka kwamba kwenye nyumba fulani ya matofali karibu na kituo cha tatu palikuwa na kitu cha zambarau kilichokuwa kimechanua watoto wakifunga shule, na wakifungua bado kiko palepale. Alikumbuka ukuta mmoja wenye manjano iliyodumu mpaka madereva wanavaa makoti. Kumbe darasa alikuwa amelimaliza zamani, kilichobaki ni kuuliza majina.

Kuanzia Aprili akawa anapanda tramu namba nne kila Jumanne kama abiria, daftari mapajani, amekaa kiti cha mbele. Madereva vijana walimtania kwamba amekuja kuwakagua. Yeye alikuwa anaandika. Na pale alipoona kitu kimedumu, alishuka, akagonga geti, akauliza. Watu wetu hawapendi kugongewa geti na mtu wasiyemjua, lakini sura yake nusu ya mji ilikuwa inaijua. Kwenye ile nyumba ya matofali alitoka bibi mmoja aliyejifunga kitambaa kichwani, akamtazama toka juu hadi chini.

"Wewe si ndiye ulikuwa unaendesha ya saa kumi na mbili asubuhi?" bibi akamuuliza. "Uliwahi kunifungia mlango puani, mwaka themanini na nane."

"Inawezekana. Ulichelewa kiasi gani?"

"Nusu dakika."

"Basi ndiye mimi," Roswitha akasema. "Samahani, yale ya zambarau pale ukutani yalianza lini?"

Yalianza mapema Mei, na bibi akaapa kwamba kuna mwaka aliyachuma kwa ajili ya kaburi la mumewe mwishoni mwa Septemba. Ulikuwa mnanaa wa paka, mmea wa majani ya kijivu ambao paka wakiukuta wanajiviringisha kama walevi. Bibi aliingiza sepetu, akapasua tonge la mizizi, akamfungia kwenye gazeti. Akamwambia aupande mahali pakavu na asiubembeleze, maana ukipewa mbolea unanenepa na kulala chini. Roswitha aliondoka na tonge lake kwapani, na siku hiyo ndipo bustani yake ilipoanza hasa.

Upande wa ndani wa mlango wa kibanda chake akachora ratiba. Safu ya kwanza jina la ua, ya pili tarehe ya kufika, ya tatu tarehe ya kuondoka. Kila ua jipya lilipewa hatua moja ya ardhi na miaka miwili ya majaribio. Lisilofikisha wiki nane za kuchanua lilishushwa, liwe zuri namna gani. Popi zake nyekundu zilidumu siku kumi na mbili, akazing'oa siku ya kumi na tatu akampa mtu wa kiwanja cha thelathini. Tulimlaumu. Tulimwambia jamani Bi Noack, ua si mfanyakazi. Akatujibu kwamba ua likiondoka nyuki anabaki kituoni, na yeye maishani mwake hakuwahi kumwacha abiria kituoni, ukiacha wale wachelewaji.

Hivyo ndivyo alivyochagua, mwaka baada ya mwaka, na matokeo yake nitayasifu mpaka nichoke. Mnanaa wa paka ulifungua mlango mwezi wa Mei. Salvia ya buluu ikapokea. Juni ikaingia ile ya manjano tunayoiita jicho la msichana, ambayo ukiivua maua yaliyokauka haichoki hadi mwisho wa kiangazi. Kisha mdomo wa korongo, rangi ya samawati, ukitambaa miguuni mwa wenzake mpaka baridi iuue. Julai kofia za jua, rangi ya waridi, zenye kitovu cha kahawia, zimesimama wima bila fimbo. Na mwisho kabisa kuku mnono, mmea wa majani manene ambao huanza kutia rangi Agosti na bado una nyuki Oktoba wenzake wamelala. Yote hayo yanapenda jua kali na mchanga mkavu. Kile tulichokiona ni laana ya kiwanja kile ndicho alichokigeuza kuwa mtaji.

Na alikuwa na ufundi mwingine uliotushtua sote. Mwishoni mwa Juni, mnanaa wa paka na salvia zikiwa bado zimechanua, alichukua mkasi mkubwa akazikata mpaka kimo cha kiganja. Si zote, alikata nusu, akaacha nusu, na zile nyingine akazikata baada ya wiki mbili. Mara ya kwanza tulidhani mama wa watu amechanganyikiwa, na kuna mtu alitaka kumpigia simu daktari. Baada ya wiki tatu zile zilizokatwa zikachipua upya na kuchanua kama mwezi wa Mei, na zile nyingine zikapokezana nazo. Tangu hapo sote tunakata, na kila mmoja anadai ni wazo lake.

Sasa tufike kwa Bwana Kubitz. Eberhard Kubitz wa kiwanja cha arobaini na sita, jirani yake waliyetenganishwa na uzio tu, alikuwa mpima ardhi kwenye machimbo ya makaa hadi alipostaafu, na kwenye chama chetu alikuwa mkaguzi. Mgane, mkavu, mrefu, tepu ya kupimia mfukoni hata siku ya ibada. Kwa miaka arobaini alikuwa ameumwagia mchanga wake samadi hadi ukawa mweusi, na mboga zake zilisimama kwa mistari. Matango yake ya kutia siki yalijulikana mpaka nje ya chama. Yeye na Roswitha waliamkiana kila asubuhi, Bi Noack, Bwana Kubitz, na yakaishia hapo.

Mwaka wa tatu alikuja na tepu, akapima, akaandika.

"Bi Noack, una mita kumi na sita za kuliwa. Zinatakiwa mia."

"Nilipanda na viazi, Bwana Kubitz."

"Viazi vimekufa."

"Basi hesabu na makaburi yao."

Hakucheka. Barua ya kwanza ilifika wiki ile. Roswitha alihangaika, nisimwonee. Aliongeza nyanya, akaweka stroberi na kichaka cha zabibu nyekundu za kwetu, akabeba mbolea kwa kigari. Kabichi zikaungua. Ukweli ni kwamba kulikuwa na njia moja tu: ang'oe theluthi ya maua, ageuze udongo wake kwa samadi miaka mitano sita, kama Kubitz alivyofanya. Sote tulimshauri hivyo. Na hapa sitampaka mafuta, ukaidi ulikuwepo. Alisema ana miaka sitini na sita na hana miaka sita ya kutazama samadi. Barua ya pili ikaja mwaka uliofuata. Aliisoma amesimama, akaikunja, akaenda kuvua maua yaliyokauka.

Kiangazi kilichofuata mvua ilikataa. Tangu Mei hadi Agosti anga ilikuwa kavu, nyasi za njiani zikawa rangi ya mkate, na chama kikatukataza kumwagilia mchana. Bustani zetu zilijikunyata. Ile ya Roswitha ndiyo kwanza ilikuwa inafanya karamu, maana alikuwa amechagua watu wa jua. Ukipita pale saa sita mchana ulisikia mlio wa nyuki kutoka njiani. Kwetu matango yalichanua yakadondoka, yakachanua yakadondoka, wala hatukujiuliza kwa nini. Tulilaumu ukame.

Barua ya tatu ilikuja mwishoni mwa Juni ya mwaka wa sita. Haikuwa onyo tena. Ilimwambia kwamba Jumamosi ya pili ya Julai mkutano utapiga kura kama aendelee au arudishe kiwanja, na akirudisha ataondoka mwezi huohuo, naye mpangaji mpya achague la kuacha na la kung'oa. Aliyekuwa juu ya orodha ya kusubiri alikuwa ameshaulizia kama pale patatosha bembea na bwawa la plastiki.

Wiki hizo mbili alikuwa akija saa kumi na moja asubuhi na kuondoka giza likiingia. Hakung'oa kitu na hakupanda kitu. Alikaa. Mara moja nilimkuta ameweka kiganja juu ya mnanaa wa paka kama mtu anayemgusa ng'ombe wake, na alipogeuka macho yalikuwa mekundu, akaniambia ni chavua. Aliogopa, na aliogopa hasa kule jikoni kwake upande wa kaskazini. Miaka thelathini na sita aliwatazama wenzake wakiwa juani; akakaa nao juani miaka sita; na sasa alikuwa anarudishwa nyuma ya kioo.

Jumamosi ya mkutano ukumbi ulijaa, soseji zinachomwa nje, saladi ya viazi imepangwa mezani kama kawaida yetu, maana hatuwezi kumfukuza mtu tukiwa na njaa. Mwenyekiti wetu, Bi Petzold, mwanamke wa haki lakini wa haraka, alisoma barua zote tatu kwa sauti moja. Mita kumi na sita kati ya mia. Akauliza kama Bi Noack ana la kusema.

Roswitha alisimama na mkoba wake mkononi kama mtu aliyekwisha kujiandaa kuondoka. Alisema hana la kujitetea. Bwana Kubitz alipima sawasawa, na yeye alitia sahihi kwa mkono wake.

"Naomba kitu kimoja tu," akasema. "Msinitoe kabla ya Oktoba. Kuku mnono bado hazijafika."

Watu waliweka uma chini. Lakini kanuni ni kanuni, na sisi ni watu wa kanuni. Nilitazama mikono iliyokuwa imeshaanza kuinuka mapajani. Ndipo kiti kikakwaruza mbele na Bwana Kubitz akasimama.

Bi Petzold alimkumbusha kwamba barua zote tatu aliziandika yeye. Kubitz akasema ndiyo, na zote tatu ziko sahihi hadi nukta ya mwisho. Kisha akatugeukia sisi.

"Mwaka jana wa ukame, nani hapa alivuna matango?"

Mtu mmoja nyuma akasema alipata manne.

"Mimi nilivuna ndoo kumi na moja," Kubitz akasema. "Nilidhani ni samadi yangu. Mwaka huu nikakaa na saa, nikahesabu. Nyuki wanaamkia kwa Bi Noack. Wapo kwake tangu Mei hadi Oktoba kwa sababu hakuna siku wanakosa kitu. Wakishiba kwake wanavuka kwangu. Kwenu hawana sababu ya kuja, mnawapa karamu ya wiki tatu na kuwafungia mlango." Akapangusa mdomo. "Nimekuwa nikila maua yake miaka sita na kuyaandikia barua."

Bi Petzold akasema kwa upole kwamba hayo ni mazuri, lakini nyuki hawamo kwenye masharti. Kubitz akajibu kwamba anajua vilivyomo. Akatoa kijitabu, akafungua kifungu cha kumi na nne, akasoma: wapangaji wawili wanaopakana, wakiondoa uzio kati yao, viwanja vyao vitapimwa kama kimoja. Yeye yuko tayari kuuondoa.

Mtu akadakia kwamba kifungu hicho kiliwekwa kwa ajili ya mume na mke. Kubitz akasema hakitaji ndoa, kinataja wapangaji wawili na uzio. Kutoka meza ya bia sauti ikauliza harusi ni lini.

"Swali hilo halihusiani na kifungu," akajibu Kubitz, na ukumbi mzima ukaangua kicheko, wa kwanza jioni ile. Yeye mwenyewe masikio yalikuwa mekundu kama nyanya. Roswitha alikuwa bado amesimama na mkoba wake, anamtazama kama mtu aliyeona tramu ikiacha reli na kuendelea kwenda.

Tulipiga kura. Bi Petzold akatangaza: uzio uondoke, na Jumapili ya wiki ijayo atakuja mwenyewe na tepu yake. Viwanja viwili ni mita mia sita. Akizikuta mita mia mbili za kuliwa, yamekwisha. Ikipungua hata moja, Bi Noack anatoka.

Uzio ulitoka kwa siku tatu, nguzo kwa nguzo, Kubitz na koleo lake, Roswitha na toroli. Nani kwetu amewahi kuona jambo kama hilo? Watu walijipatia shughuli za kupita njia ile. Jumamosi wakapima. Nilikuwa pale, nimeombwa niandike namba. Matuta ya Kubitz yalitoa mita mia moja sabini na sita; kwingine kwake ni kibanda, mapipa ya maji na vijia vya mawe. Ya Roswitha, kumi na sita zilezile. Kubitz alijumlisha kichwani, akapima tena tangu mwanzo kama mtu asiyeamini tepu yake. Mia na tisini na mbili. Zilipungua nane.

Kisha akachukua sepetu akazunguka nyuma ya kibanda chake, mahali ambapo mtu aliyeko njiani hapaoni, nasi tukamfuata. Pale palikuwa na tuta moja la majani mapana ya kijani, limepaliliwa vizuri, limezungushiwa mawe madogo. Kwenye kiwanja kile kizima ndicho kitu pekee kilichopandwa kisicholiwa.

"Ni nini haya?" Roswitha akauliza.

"Mawaridi ya Pentekoste. Ya Irmtraud." Irmtraud ni marehemu mkewe, miaka kumi na moja sasa, na maua yale, ambayo huchanua Pentekoste, yalikuwa yameshapita. "Ni mita nane kamili. Nilishalipima."

"Yanachanua muda gani?"

"Siku kumi," Kubitz akasema, na hakututazama. "Mvua ikinyesha, sita."

Akaiweka sepetu kwenye udongo na kuinua mguu auweke juu yake. Mguu ukabaki hapo juu.

Siku kumi. Mimi niliujua ule mlango wa kibanda, nilijua ni maua mangapi mazuri kuliko hayo yalishushwa kwa kukosa wiki moja tu. Roswitha aliyatazama majani yale muda mrefu. Halafu akaishika sepetu mpini, akaichukua mikononi mwa Kubitz, akavuka pale uzio ulipokuwa, akaenda moja kwa moja hadi kwenye kofia zake za jua. Zilikuwa ndiyo kwanza zimefunguka, rangi ya waridi tupu, zimejaa nyuki. Akaikanyaga sepetu na kuinua tonge la kwanza.

"Hizo zinakwenda mpaka Oktoba," Kubitz akasema nyuma yake.

"Najua zinakwenda mpaka lini. Niliandika mwenyewe." Akainua la pili, akaliweka pembeni kwa uangalifu. "Lete samadi, Eberhard, na maharage yale mafupi. Yakipandwa leo yatawahi."

Miaka sita walikuwa wakiitana Bwana na Bi. Yule mzee alikwenda kuleta samadi akikimbia kidogo, kwa umri wake.

Jumapili Bi Petzold alipima mita mia mbili, tuta la maharage bado limelowa, akatia sahihi akaenda zake. Pentekoste iliyofuata mvua ilinyesha. Mawaridi ya Irmtraud yalidumu siku sita, na siku zote hizo sita Roswitha alikunywa kahawa yake nyuma ya kibanda cha Kubitz, amejifunika mwavuli.